Nitaombaje tena, ikiwa aliyenisaliti ndiye niliyekuwa nikiomba naye?

Mnyamavu aliuliza:

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu katika jina la Yesu.

Nilikuwa na rafiki. Tumefahamiana kwa miaka 14, na kwa miaka 9 kati ya hiyo tuliomba pamoja kila Jumanne alfajiri kwa simu, kabla ya kila mmoja wetu kwenda kazini. Ndiye pekee niliyemweleza jambo la ndoa yangu ambalo sikumweleza hata mama yangu mzazi. Sitaliandika hapa, itoshe kusema kwamba si dhambi ya mtu yeyote, ila ni aibu, na kwamba usiku nilipomwambia alilia kuliko mimi.

Miezi minne iliyopita, dada mmoja wa kundi la maombi ambaye hatujazoeana alinishika mkono baada ya ibada, akaniambia kwa upole kwamba wananiombea. Nilimwuliza wananiombea nini. Akanitajia jambo lenyewe, kisha akarudia na mfano niliokuwa nimeutumia usiku ule, kwamba nyumba yangu imekuwa kama kituo ambamo watu wawili wanangojea mabasi tofauti. Sentensi hiyo niliitamka mara moja tu maishani mwangu, kwa mtu mmoja.

Jioni hiyo nilimpigia rafiki yangu simu. Hakukana. Alisema kwamba mzigo ulimwelemea, ndiyo maana aliupeleka kwenye kundi kama hitaji la maombi, na kwamba nikikomaa kiroho nitaelewa. Nilikata simu, na hatujazungumza tena tangu siku hiyo.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba siwezi kuomba. Kila nipigapo magoti naisikia sauti yake ikisema "Amina" mwishoni mwa sentensi zangu, nami nanyamaza. Kanisani, tunapofika kwenye maneno "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," nafumba mdomo mpaka wenzangu wapite, kwa sababu naogopa kumdanganya Mungu mbele ya watu. Waliojua habari hii wananiambia nisamehe na nisahau, kwamba yaliyopita si ndwele. Je, kusamehe maana yake ni kurudi kwenye ile simu ya Jumanne alfajiri? Na nisiporudi, nitakuwa nimekataa kusamehe? Naomba mnijibu kwa upole, ila msinifiche ukweli.

BabaWatatu alijibu:

Binti yangu, pole sana. Nitalishika swali lako la kuomba, kwa kuwa la kusamehe wengine watalijibu vizuri kuliko mimi, na pia kwa sababu nimeona mara nyingi watu wakikimbilia la pili kabla la kwanza halijapata hata mahali pa kukaa.

Fungua Zaburi ya 55 uisome yote, kwa sauti, ukiwa peke yako. Mwimbaji anaanza kwa kulia kwamba moyo wake unaumia ndani yake, anatamani angekuwa na mabawa kama ya njiwa ili aruke aende mbali, na baada ya hapo ndipo anapotaja kilichomsibu. Anasema kwamba angekuwa adui angevumilia, "bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana." Sasa utazame mstari wa 14, ambao wengi huupita haraka: wawili hawa walipeana shauri tamu na kutembea pamoja katika nyumba ya Mungu. Kwa hiyo huyu naye aliumizwa na mwenzake wa ibada, kama wewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nadhani mwenye zaburi hii angeitikia.

Ukifika mstari wa 15, usiuruke. Hapo anaomba mauti iwapate ghafula waliomtenda hivyo. Sijawahi kusikia mstari huo ukihubiriwa, nami mwenyewe niliuruka kwa miaka mingi, mpaka mtu niliyekuwa nimemdhamini kwa mkopo alipotoweka na kuniachia deni ambalo nililimaliza baada ya miaka mitatu. Usiku mmoja nilifunga mlango nikausoma kwa sauti, nikalitia jina lake ndani yake. Nikaona haya, kisha nikacheka, kisha nikalia sana, na huo ukawa usiku wa kwanza niliomwomba Mungu kweli baada ya miezi mingi ya kumpigia maneno matupu. Sikuambii umlaani rafiki yako. Nakuambia utazame maneno yale makali yanaambiwa nani: hakuyapeleka barazani wala kwa jamaa za yule mtu, aliyapeleka kwa Mungu, naye Mungu hakuyakataa, kwa maana yamo katika Biblia mpaka leo.

Jambo jingine ninalolipenda katika zaburi hii ni kwamba haiendi moja kwa moja. Katika mstari wa 16 anasema atamwita Mungu na Bwana atamwokoa, nawe unadhani sasa amekwisha kutulia. Lakini ukifika wa 20 na wa 21 amerudi tena kwenye kidonda kilekile, anamkumbuka yule mtu ambaye kinywa chake kilikuwa laini kuliko siagi huku moyo wake ukiwa vita. Ndipo unakuja ule mstari wa 22 tunaouandika kwenye kadi na kalenda, "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza." Basi ukiomba leo ukapata nafuu, kisha kesho ukaamka na hasira ileile, usijihukumu kwamba imani yako imepungua.

Kuhusu sauti unayoisikia, nakushauri uiache kwanza ile saa ya Jumanne alfajiri. Omba jioni, omba ukitembea, omba ukiosha vyombo. Na kama maneno yako mwenyewe yanakuchoma, azima ya zaburi uyasome kama yalivyo, bila kuongeza neno. Kuazima maneno si unafiki. Bwana wetu mwenyewe, alipolia msalabani kwamba Mungu wake amemwacha, aliazima mwanzo wa Zaburi ya 22.

Na kule kunyamaza kwako katika Sala ya Bwana, mimi nakuhesabu kuwa sala. Asiyejali angeyatamka tu maneno yale akaendelea.

Mwalimu wa Jumapili alijibu:

Dada Mnyamavu, namshukuru Baba kwa alichokwisha kukuandikia, nami nitaingia kwenye swali la kusamehe, ambalo naona waliokushauri wameliunganisha na jambo jingine lisilofanana nalo.

Ule mfano wa Mathayo 18 wa mtumwa asiyesamehe husimuliwa mara nyingi kana kwamba deni dogo halikuwa kitu. Hebu tulipige hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika sura ya 20 ya Injili hiyohiyo. Dinari 100 ambazo mtumwa yule alimdai mwenzake basi ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu, na ukimnyang'anya mtu mshahara wa miezi mitatu hutathubutu kumwambia kwamba ni jambo dogo. Kinachofanya deni hilo lionekane dogo ni lile jingine la talanta 10,000, ambalo mtumwa yule alikuwa ametoka kusamehewa asubuhi hiyo, na ambalo kibarua asingeweza kulilipa hata kwa maisha elfu. Kwa hiyo Yesu hasemi kwamba hukudhulumiwa. Umedhulumiwa, na deni linajulikana kiasi chake. Kusamehe ni kuliacha deni hilo mikononi mwa Mungu usilidai wewe kwa kisasi, kwa masengenyo au kwa kumwombea mwenzako aaibike kama ulivyoaibika. Na huwezi kuliacha deni ambalo umelazimishwa kusema halikuwepo.

Kurudisha imani kwa mtu ni jambo la pili, na hapa ndipo ninapotofautiana na waliokwambia usahau. Mtazame Yusufu. Aliuzwa akiwa na miaka 17 hivi, na ukihesabu miaka 13 mpaka aliposimama mbele ya Farao, miaka 7 ya shibe na miaka 2 ya njaa, unapata kwamba ilipita miaka kama 22 kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake. Walipokuja mara ya kwanza aliwatambua, lakini hakuwaambia yeye ni nani. Aliwajazia magunia nafaka na kuwarudishia fedha zao kwa siri, na wakati huohuo alimfunga Simeoni, akadai waje na Benyamini, kisha akakitia kikombe cha fedha katika gunia la mdogo wao. Wasomaji wengine huona huo ni ukatili. Mimi naona alikuwa akitafuta kujua kama wale waliomwuza ndugu mmoja wangemwacha na wa pili. Ni pale Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumwuza, aliposimama na kusema kwamba yeye abaki mtumwa badala ya kijana, ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia akalia mpaka nyumba ya Farao ikasikia. Chakula aliwapa tangu safari ya kwanza. Jina lake aliwapa baadaye, walipoonyesha kwamba wamebadilika.

Kwako maana yake ni hii: unaweza leo kumtakia heri rafiki yako, kumsalimu na kumsaidia akipatwa na shida, ilhali ile simu ya alfajiri umeifunga. Yohana anaandika kwamba watu wengi waliliamini jina la Yesu kwa ishara alizozifanya, lakini yeye "hakujiaminisha kwao," kwa kuwa aliwajua. Akawafia hata hivyo.

Nikuongezee jambo moja ambalo huenda usilipende. Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikukosea umwendee, wewe na yeye peke yenu. Ile simu ya jioni ambayo ulikata, kwa kweli sidhani kama ilikuwa kumwendea. Ulisikia udhuru wake, ila yeye bado hajasikia jeraha lako.

Imani_Tosha alijibu:

Ndugu zangu, naona tunarefusha jambo fupi. Petro aliuliza asamehe mara ngapi, akajibiwa saba mara sabini, na hakuna mahali alipoambiwa amchunguze mwenzake kwanza. Huyo dada alikosea, ni kweli, lakini alipeleka jambo kwenye maombi, hakulipeleka kwenye masengenyo. Shetani hufurahi watu wawili waliokuwa wakiomba pamoja wanapotengana. Msamehe leo, mpigie simu, Jumanne muombe.

Mwalimu wa Jumapili alijibu:

Ndugu Imani_Tosha, nakubaliana nawe kuhusu saba mara sabini, ila tukumbuke kwamba swali la Petro linafuata mara tu baada ya yale maagizo ya kumwendea aliyekosa, kumletea mashahidi, na hatimaye kulipeleka jambo kanisani asiposikia. Bwana aliyeyasema yote mawili katika sura moja hakuona kwamba yanapingana.

Kuhusu kuipeleka siri ya mtu kwenye kundi la maombi bila idhini yake, naomba niseme wazi kwamba hayo nayaita masengenyo yaliyopiga magoti. Mungu hahitaji kutajiwa maelezo ya ndoa ya mtu mbele ya watu kumi na watano ndipo asikie. Ingetosha kusema, "Tumwombee rafiki yangu anayepita katika wakati mgumu," bila hata kumtaja.

Niliyerudi alijibu:

Naandika kutoka upande wa pili, na nimefuta sehemu hii mara tatu kabla ya kuiandika.

Mimi ndiye niliyewahi kutoa siri ya rafiki. Alikuwa amepoteza kazi kwa kosa lake mwenyewe, akanieleza yote, nami nikamweleza mtu wa tatu kwa sura ya huruma, na yule naye akaendeleza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya hivyo, kwa sababu sikumchukia hata kidogo. Jibu nililolipata halinipendezi: kuna utamu katika kuwa mtu anayejua. Watu walinigeukia, wakaniuliza anaendeleaje, nami nikawa mtu wa maana kwa gharama yake. Aliponiuliza, nami nilisema kwamba nilitaka aombewe. Wakati ule niliamini ninachokisema, kwa hiyo, dada, inawezekana kabisa kwamba rafiki yako anauamini udhuru wake.

Mwenzangu hakukata simu wala hakunifuata kwa matusi. Alikuja nyumbani kwangu baada ya wiki tano, akakaa, akanieleza moja baada ya jingine mambo yaliyomfika kwa sababu ya mdomo wangu, likiwemo la binti yake kuulizwa shuleni. Nilipotaka kujitetea aliinua mkono tu, akaendelea. Mwishoni alisema, "Nimekusamehe, lakini sitakuambia tena mambo yangu." Akanywa maji niliyompa, akaondoka.

Nilikasirika sana wakati ule, nikaona kwamba huo haukuwa msamaha bali nusu yake. Nilibadilika polepole, niliposoma sura ya mwisho ya Injili ya Yohana. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu; na kule ufuoni, wanafunzi waliposhuka pwani, waliona tena moto wa makaa na samaki juu yake. Ni Yohana peke yake anayetaja makaa mara zote mbili, nami siamini kwamba aliandika tu kuujaza ukurasa. Yesu alimlisha kwanza, kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda, na ya tatu ikamhuzunisha Petro. Ningekuwa mimi, ningependa kifungua kinywa kile kiishe bila swali lolote. Lakini kama Bwana asingemrudisha pale penye moto, Petro angeendelea kuishi na jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja.

Imepita miaka sita. Mwaka jana baba yake alilazwa, naye akanipigia simu usiku, akaniomba nikae naye hospitalini. Hakuniambia baba anaumwa nini, nami sikuuliza. Tulikaa mpaka asubuhi kwenye viti vya plastiki.

BabaWatatu alijibu:

Ndugu Niliyerudi, Mungu akubariki kwa kuandika haya. Umenikumbusha Marko, aliyewaacha akina Paulo njiani kule Pamfilia, na Paulo akakataa katakata kumchukua tena hata akatengana na Barnaba kwa ajili yake. Miaka baadaye, akiwa kifungoni, Paulo huyohuyo anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Na katika barua hiyohiyo, mistari michache tu mbele, anataja Iskanda mfua shaba aliyemtendea mabaya mengi, anamwachia Bwana amlipe, kisha anamwonya Timotheo ajihadhari naye. Binti yangu, sijui rafiki yako ni Marko au ni Iskanda. Huenda hata yeye hajui bado.

Mnyamavu alijibu:

Nawashukuru nyote, na wewe pia, ndugu Imani_Tosha, ingawa sitapiga simu Jumanne.

Nimeisoma Zaburi ya 55 kwa siku tisa mfululizo, jioni, nikiwa nimekaa ndani ya gari kabla ya kuingia nyumbani. Siku mbili za kwanza sikuweza kuutamka ule mstari wa 15. Siku ya tatu niliutamka, na sikujisikia vizuri kama Baba alivyojisikia. Nilijisikia mtu mbaya tu. Siku ya sita ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeomba kwa maneno yangu mwenyewe kwa muda mrefu baada ya zaburi kwisha, na ile "Amina" ya mwisho niliisema mimi. Nilikaa kimya nikasikiliza. Hakukuwa na sauti nyingine.

Mwalimu, ni kweli kwamba sikupenda ulichosema kuhusu ile simu niliyoikata. Nilikaa nacho siku nzima nikitafuta mahali pa kukubishia. Nilikuwa nimejihesabia kwamba nilikwisha kumwendea, kumbe nilichotaka kilikuwa akane, ili nimchukie kwa urahisi zaidi. Na alipokiri kwa namna ile sikuwa na la kufanya ila kukata.

Wala sikudanganyi, ndugu Niliyerudi, kwamba nimefurahi kusoma yako. Ilinikera. Niliifunga, nikarudi kuisoma tena usiku, na ni lile neno lako la utamu wa kuwa mtu anayejua lililonishika, kwa sababu nilikumbuka mambo mawili ya yule rafiki yangu ambayo mimi nayajua, na jinsi nilivyokuwa karibu kuyasema kwa mtu fulani mwezi uliopita, nikijipa haki kwamba naye alisema yangu. Sikuyasema.

Jana nilimwandikia ujumbe mfupi: "Ningependa tuonane, wewe na mimi peke yetu. Nina mambo ya kukueleza, nawe utanisikiliza mpaka nimalize kabla hujasema lolote. Nakusalimu kwa amani." Niliyafuta yale maneno ya mwisho, kisha nikayarudisha. Jumapili ijayo sijui kama nitaitamka ile sehemu ya sala au nitanyamaza tena.

Alama inaonyesha kwamba ameusoma ujumbe. Hajajibu bado.